Namna ya Kuendesha Duka Dogo la Msimu la Sanaa za Jadi Pamoja na Wanaozitengeneza

Duka ninaloandika habari zake ni chumba kimoja chenye mlango wa mbao na kibaraza cha mabati, kando ya barabara ya kuelekea Dunga, mjini Kisumu. Hufunguliwa mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, na kuanzia mwisho wa Novemba hadi wiki ya kwanza ya Januari, wakati ambapo watu wanaofanya kazi Nairobi, Mombasa na kwingineko hurudi nyumbani kwa Krismasi. Miezi iliyobaki mlango hufungwa kwa kufuli. Ndani huuzwa mitungi na vyungu, vikapu na mikeka ya mafunjo, vinyago na bakuli za mawe ya Kisii, ngoma ndogo, na mara chache ala za nyuzi zinazotengenezwa kwa kuagizwa.

Nimeliendesha duka hilo kwa misimu kadhaa, na ninalotaka kumweleza anayekusudia kufungua lake ni kwamba kazi kubwa ya duka la namna hii hufanyika mlango ukiwa umefungwa. Anayewatafuta wafinyanzi na wasusi wiki mbili kabla ya kufungua atapata bidhaa, lakini hatapata watu wa kumweleza bidhaa hizo ni nini, zilitoka wapi, na ni nani aliyemfundisha aliyezitengeneza. Bila maelezo hayo mtungi ni chombo cha udongo tu, na mteja atakuwa na haki ya kununua ndoo ya plastiki yenye bei nafuu zaidi.

Kalenda hupangwa kwa kufuata udongo na mvua

Kosa la wengi, na lilikuwa kosa langu pia, ni kupanga msimu kwa kuwaangalia wanunuzi peke yao. Wanunuzi huja Desemba, kwa hiyo mwenye duka huagiza Oktoba na kutaraji bidhaa Novemba. Mtungi hauendi kwa mwendo huo. Mfinyanzi huchimba udongo bondeni au kando ya mto, huuloweka, huukanda, huuchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa, kisha huuinua kwa mikono yake bila gurudumu, pindo juu ya pindo. Baada ya hapo mtungi lazima ukauke polepole kivulini, kwa sababu ukikaushwa juani upande wa nje husinyaa kabla ya upande wa ndani na ufa huanza hapo. Vyungu vingi vya jadi magharibi mwa Kenya huchomwa mahali pa wazi, bila tanuri: hupangwa juu ya kuni, hufunikwa kwa nyasi kavu na samadi, halafu moto huwashwa. Ukuta wa mtungi ukiwa bado na unyevu, maji yaliyomo hugeuka mvuke moto unapopanda, na mvuke huo ukikosa njia ya kutokea huupasua mtungi.

Katika msimu wangu wa kwanza niliagiza mitungi 30 mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza, nikamsihi mama mfinyanzi afanye upesi. Alinionya kwamba udongo haujakauka, nami nikasisitiza. Siku ya kuchoma nilikuwapo. Mlio wa kwanza ulitoka chini ya nyasi kama kuni inayokatika, ukafuatwa na wa pili, halafu milio ikawa haihesabiki kwangu. Lakini mama aliihesabu kwa vidole, mkono wake ukiwa gotini, bila kuinua macho. Mitungi iliyotoka mizima ilikuwa 11. Nikalipa 11, nikajiona nimetenda haki, ilhali hasara yote ilitokana na haraka yangu. Mwaka uliofuata nilimrudia, nikamlipa ile 19 iliyovunjika, na hapo ndipo ushirikiano wetu ulipoanza kwa kweli.

Tangu wakati huo kalenda yangu huanzia kwa fundi. Mitungi ya Agosti hufinyangwa Januari na Februari, miezi ambayo kwa kawaida huwa mikavu, na mitungi ya Desemba hufinyangwa Juni na Julai, baada ya mvua za masika kupungua. Kati ya Machi na Mei siagizi chochote cha udongo. Hata mvua ingechelewa, huo ni wakati wa kupanda na kupalilia, na mwanamke aliyeko shambani hapaswi kuitwa kwenye udongo wangu. Mafunjo pia huhitaji jua: mashina hukatwa, hupasuliwa, huanikwa, na yakisukwa yakiwa na unyevu mkeka huota ukungu ukiwa umekunjwa ghalani. Mawe ya Kisii hayana shida ya kukauka, lakini barabara za kuelekea Tabaka wakati wa mvua kubwa zitamchelewesha mwenye haraka, na machimbo ya wazi yaliyojaa maji si mahali pa kumsukuma mtu aingie kwa sababu ya oda.

Ziara ya kwanza isiwe ya kununua

Magharibi mwa Kenya mafundi hawafichiki. Anayesafiri kutoka Kisumu kwenda Kakamega huviona vyungu vya Ilesi vimepangwa kando ya barabara. Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, inajulikana mbali kwa uchongaji wa mawe laini, na ukifika kijijini utakuta wengine wakichonga kwa panga na visu, wengine, mara nyingi akina mama, wakisugua vinyago kwa msasa ndani ya beseni la maji. Dunga kuna wasusi wa mafunjo, na wapo waliojifunza kusuka gugu maji, mmea vamizi uliolisumbua Ziwa Viktoria tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, wakatengeneza kutokana nao vikapu, viti na karatasi. Kwa hiyo tatizo si kuwapata. Tatizo ni namna ya kufika.

Nakushauri ziara ya kwanza uende mikono mitupu, yaani bila pesa ya kununulia bidhaa, ingawa si bila sukari na majani ya chai. Pitia kwa mzee wa kijiji ujitambulishe, kwa sababu mgeni anayeingia moja kwa moja penye kazi za akina mama, akapiga picha na kuondoka, ameshawahi kufika kabla yako, na hakurudi. Keti. Eleza duka lako lilipo, linafunguliwa lini na linafungwa lini. Usifiche kwamba ni la msimu, kwa maana fundi anayedhani utanunua mwaka mzima ataacha wateja wake wa soko la Kibuye kwa ajili yako, na ukifunga Januari atabaki bila wewe na bila wao.

Baada ya hapo kuna maswali matatu ambayo mimi huuliza kila fundi mpya. La kwanza ni nani aliyemfundisha. La pili ni yeye mwenyewe sasa anamfundisha nani. La tatu ni kitu gani anachotengeneza ambacho hauzi, au hauzi kwa mtu yeyote tu. Swali hili la tatu ndilo linalonipa adabu ya duka langu. Vipo vyungu vya matambiko na vipo vitu vya shughuli za mazishi ambavyo fundi hatakubali viwekwe kwenye rafu pamoja na vikombe, na ni afadhali kuyajua hayo chini ya mwembe wake kuliko kuyasikia kwa mzee aliyesimama mlangoni pako mbele ya wateja.

Ngoma za isukuti ni mfano mzuri. Ngoma hizo ni za Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na hupigwa zikiwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma, watu wakicheza katika harusi, mazishi, kumbukumbu na sherehe nyingine. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo wa isukuti katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa haraka. Anayetaka kuuza ngoma ndogo za mfano huo azungumze kwanza na kikundi kinachozipiga, akubaliane nao kuhusu ukubwa, jina litakaloandikwa, na sehemu ya mapato itakayorudi kwao. Hili si suala la heshima peke yake. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na msingi wake ni kwamba jamii yenye mali hiyo iulizwe na iridhie kabla ya mtu mwingine kuitumia kibiashara. Andikeni makubaliano, hata kama ni ukurasa mmoja wa Kiswahili uliotiwa sahihi na watu wawili kutoka kila upande.

Daftari la chimbuko

Kila kitu kinachoingia dukani kwangu huandikwa katika daftari kubwa lenye jalada gumu: kilitengenezwa na nani, wapi, kwa udongo au mafunjo au jiwe la wapi, lini, na kwa kazi gani katika nyumba ya zamani. Kutoka hapo ndipo huandikwa kikaratasi kinachofungwa shingoni mwa mtungi. Jina la fundi huandikwa kwa ridhaa yake tu. Wapo wanaopenda liandikwe kwa herufi kubwa, na wapo wanaotaka jina la kikundi.

Kazi hii inahitaji uangalifu kuliko inavyoonekana. Kwa desturi ya Waluo, mwanamke aliyeolewa mara nyingi huitwa kwa mahali alikozaliwa: aliyetoka Alego akaolewa Seme ataitwa Nyar Alego, yaani binti wa Alego, mpaka uzeeni. Mimi, kwa kusikia jina hilo likitajwa na kila mtu, niliandika kwenye vikaratasi kwamba mitungi yake ni ya mtindo wa Alego. Alipokuja dukani na kusomewa maandishi hayo alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, Alego nilizaliwa. Udongo nilifundishwa hapa, na mama wa mume wangu.” Tukakata vikaratasi vyote tukaandika upya.

Alichoniambia si habari ya nyumba yake peke yake. Mwanaanthropolojia Ingrid Herbich, aliyewachunguza wafinyanzi wa Kiluo katika karne iliyopita, alionyesha kwamba wengi wao hujifunza ufinyanzi baada ya kuolewa, kwa mama mkwe au wake wenza, na kwamba vyungu vyao hufanana na vya wafinyanzi wa mahali walipoolewa. Kwa hiyo umbo la shingo ya mtungi, na nakshi zinazopigwa kwa kuviringisha kamba ya nyasi iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, hueleza ni nani aliyeketi na nani. Anayeandika “mtungi wa Kiluo” na kuishia hapo amefuta habari yote hiyo. Andika kijiji, andika mwalimu, na ukijua aliyemfundisha mwalimu, mwandike pia. Baada ya misimu michache daftari lenyewe litakuwa na thamani kuliko bidhaa zilizomo dukani, na vijana wa kikundi watakuja kulisoma wakitafuta majina ya nyanya zao.

Wale watakaouza dukani nao wafundishwe kabla ya msimu. Mimi huwachukua siku nzima katika Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, ambamo kuna boma la jadi la Kiluo liitwalo Ber-gi-dala. Humo kijana huona mtungi wa maji ulipokuwa ukikaa ndani ya nyumba, na akirudi dukani anaweza kumweleza mteja bila kukariri. Aliye Nakuru anaweza kufanya vivyo hivyo katika makumbusho ya Hyrax Hill, mahali ambapo mwanaakiolojia Mary Leakey alianza uchimbaji mwaka 1937, na vifaa vya watu wa kale vimewekwa karibu na palipochimbuliwa.

Malipo

Nitasema waziwazi kwamba sikubaliani na mali kauli katika duka la msimu. Mali kauli, yaani fundi kuacha bidhaa na kulipwa zikiuzwa, inaweza kuwa na haki katika duka lililo wazi kila siku. Katika duka linalofungwa Januari, mtungi usiouzwa hufungiwa gizani kwa miezi saba, na fundi hawezi kuuuza kwingine wala hajalipwa. Hasara ya msimu mbaya inakuwa yake, wakati aliyechagua kufunga ni mwenye duka.

Utaratibu ninaoutumia ni huu. Fundi hupewa arbuni ya nusu ya bei siku ya kuagiza, ili anunue kuni na alipe wa kumsaidia kuchimba, na nusu iliyobaki siku ya kuchukua bidhaa, kwa pesa taslimu au kwa M-Pesa kadiri atakavyo yeye. Vinavyovunjika motoni kwa sababu ya oda yangu tunagawana hasara nusu kwa nusu. Vinavyovunjika njiani au dukani ni vyangu vyote. Katika kila shilingi 100 ya bei ya kuuzia, 60 huwa zimeshafika kwa fundi. Zilizobaki hulipa usafiri, kodi, leseni na wauzaji. Mwenye mtaji mdogo asiogope hesabu hiyo, bali aagize vichache. Duka lenye mitungi 12 iliyolipiwa ni imara kuliko lenye mitungi 50 ya kukopa.

Bei yenyewe ipangwe pamoja, hadharani. Hukaa na kikundi tukaorodhesha udongo, kuni, siku za kazi, nauli. Mara nyingi mafundi husahau kuhesabu siku za kuanika na kugeuzageuza vyungu, kwa kuwa siku hizo huwa wanafanya na kazi nyingine za nyumbani. Nami huwakumbusha, kwa sababu siku hizo ndizo zilizonifundisha mimi kwa mitungi 19. Bei ikishakubaliwa hubandikwa dukani na nakala hubaki kijijini. Mteja anaruhusiwa kupatana bei, lakini punguzo lolote hukatwa katika fungu la duka. Wauzaji waambiwe hivyo mapema, na wateja pia waambiwe. Wengi wakishajua huacha kubishana.

Kukagua, kusafirisha, kuhifadhi

Mtungi mzima ukigongwa kwa kifundo cha kidole hutoa sauti inayovuma. Wenye ufa hutoa sauti iliyokufa, hata kama ufa hauonekani. Ugonge sehemu tatu: tumboni, mabegani na karibu na kitako. Madoa meusi ubavuni yametokana na moshi wakati wa kuchoma na si kasoro, na ni wajibu wa muuzaji kulieleza hilo. Usiwahi kumwomba fundi ayapake rangi.

Kwa kusafirisha, funga kila mtungi kwa nyasi kavu na majani makavu ya migomba, upange mdomo ukiwa juu, na usipange safu ya pili juu ya ya kwanza bila ubao katikati. Ni bora kwenda mara mbili kwa gari dogo kuliko kujaza mara moja. Vinyago vya mawe ya Kisii visigusane kabisa, kwa sababu jiwe hilo ni laini kiasi cha kukwaruzwa na ukucha, na bakuli mbili zikisuguana kutoka Tabaka hadi Kisumu zitafika zikiwa na michirizi. Vikapu na mikeka vianikwe juani tena kabla ya kuingizwa ghalani, vitundikwe badala ya kulazwa sakafuni, na vikaguliwe kila mwezi hata duka likiwa limefungwa. Hii ni kazi ambayo inafaa kumpa kijana mmoja wa mtaani kwa malipo, kwa sababu duka lililofungwa bila mtu wa kulifungua na kulipitishia hewa mwenyewe atalikuta na mchwa.

Mnunuzi naye apewe maelekezo. Mtungi mpya wa maji ujazwe, uachwe usiku kucha, maji yamwagwe, na ifanywe hivyo kwa siku kadhaa hadi harufu ya udongo ipungue. Mtungi hupoza maji kwa kuwa hutokwa na jasho: maji kidogo hupenya ukutani na kukauka nje, na kukauka huko huondoa joto. Kwa sababu hiyo usipakwe rangi ya mafuta wala vanishi, na usiwekwe juu ya meza ya mbao isiyo na kitu cha kuzuia unyevu. Chungu cha kupikia kipikiwe kwanza uji mwepesi kwa moto mdogo, ili wanga wake uzibe vitundu.

Siku za Jumamosi

Kila Jumamosi ya msimu fundi mmoja hufanya kazi kibarazani. Hulipwa kwa siku hiyo kama mwalimu anavyolipwa, iwe bidhaa zake zimeuzwa au hazikuuzwa, na hupewa kiti, kivuli, maji na chakula cha mchana. Nasisitiza malipo kwa sababu nimeona mahali pengine mafundi wakialikwa “kuonyesha utamaduni”, wakakaa juani kutwa nzima wakipigwa picha, wakarudi na nauli tu. Fundi si pambo la duka. Asiyependa kupigwa picha aseme, nasi hubandika tangazo lenye maneno hayo.

Watoto waruhusiwe kushika udongo. Andaa beseni, udongo uliokwisha kukandwa, na magunia ya kutandika chini. Zungumza na walimu wakuu wa shule za karibu kabla shule hazijafungwa, ili wawaeleze wazazi. Wakati mwingine huja mpigaji nyatiti. Ala hiyo ya Waluo ina nyuzi nane, ambazo zamani zilikuwa za kano za ng'ombe na siku hizi mara nyingi ni za nailoni ya kuvulia samaki. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, njuga zikiwa mguuni, na pete ya chuma kidoleni pa mguu ikigonga ubao wa ala. Mweke karibu na mlango, usimwekee spika, na usiruhusu wateja waongee anapopiga. Watu watakaa kimya wenyewe akishaanza.

Siku ninayoipenda kupita zote ni ile tunayowaalika majirani walete vitu vya zamani vya nyumbani kwao, si vya kuuza, bali vya kusimuliwa. Huja vigoda, vibuyu, madema ya samaki, shanga, ungo uliotoboka. Mwaka mmoja mzee alileta kigoda chenye miguu mitatu kilichokuwa cheusi kwa mafuta ya miaka mingi, akakigeuza kutuonyesha kwamba mguu mmoja ulikuwa wa mti tofauti. Alieleza kwamba wa kwanza ulivunjika babake akiwa mtoto, na aliyeutengeneza upya hakuipata mbao ileile, akachonga mguu mnene kidogo ili mwenye kukalia asisahau kwamba kimewahi kuvunjika. Fundi wa vigoda aliyekuwapo alipiga magoti kuutazama mguu ule kwa muda mrefu, akauchora kwa kalamu nyuma ya risiti.

Siku hiyo ina sheria moja: duka halinunui kitu chochote kilicholetwa. Mwenye shida ya pesa anaweza kushawishika kuuza kitu cha ukoo ambacho ndugu zake hawajaulizwa. Pia sheria za nchi zina neno lake hapa. Chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale na hakiwezi kutolewa nchini bila kibali. Na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki au kuuza ngozi, pembe, meno na viungo vingine vya wanyamapori bila kibali. Mavazi mengi ya zamani ya kuchezea ngoma yana ngozi ya mbega au meno ya kiboko. Yatazame, yasikilize masimulizi yake, uyaandike kama mwenyewe ameridhia, na kisha arudi nayo nyumbani. Mwenye kitu cha kale asiyejua la kufanya nacho aelekezwe makumbusho.

Leseni na mambo ya ofisini

Hapa sina mengi. Nenda ofisi ya biashara ya kaunti miezi miwili kabla, uulize ada inayolingana na ukubwa wa duka lako na muda utakaokuwa wazi, na uweke risiti mahali pa kuonekana. Pata namba ya till, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu, badala ya kupokea pesa kwa simu yako binafsi, kwa sababu hesabu zitasomwa mbele ya watu.

Siku ya kufunga

Wiki ya kwanza ya Januari, kabla ya kufuli, mafundi wote huitwa. Daftari la mauzo husomwa kwa sauti, kitu baada ya kitu: kilichouzwa, kwa bei gani, kilichobaki, kilichovunjika na aliyekivunja. Mwanzoni niliona haya kusoma hasara zangu hadharani. Sasa najua kwamba hapo ndipo mafundi hupata habari ambayo hawaipati sokoni: kwamba mitungi midogo ilikwisha mapema kwa kuwa wenye nyumba za kupanga hawana nafasi ya mikubwa, kwamba vikapu vyenye kifuniko viliulizwa na havikuwapo, kwamba wateja watatu walirudi kushukuru kwa maji baridi. Huamua wao wenyewe kama wabadilishe chochote. Mwaka jana niliwaomba wafinyanzi watengeneze mtungi wenye bomba chini, wakajadiliana, na wakakataa kwa sababu tundu hilo hudhoofisha kitako. Nikaiacha hoja yangu.

Kilichobaki huhesabiwa, huandikwa na kufungiwa vizuri. Oda za Agosti hutolewa papo hapo, pamoja na arbuni, maana Januari hiyohiyo udongo uko tayari kuchimbwa na karo za shule zinadaiwa. Kitu cha mwisho kuondolewa ni mtungi wa maji ya kunywa ya wateja, uliokaa kibarazani msimu mzima. Humwagwa, husuguliwa ndani kwa mchanga bila sabuni, kisha hulazwa kivulini siku tatu, mdomo ukielekea upande unakotoka upepo wa ziwa, na haufunikwi mpaka mkono ukiingizwa ndani utoke ukiwa mkavu.